Chupa Haipiki Mtori

Asubuhi hiyo Elisifa alikuwa ameinama kihambani, kwenye shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba yao. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe. Tumbo lake lilikuwa la miezi saba. Mvua ilikuwa imelowesha migomba, na kila alipoigusa ilimmwagia maji mgongoni.

"Acha hayo majani," mama mkwe wake alisema kutoka mlangoni. "Ng'ombe hatakufa akisubiri nusu saa."

"Nikikaa nasinzia, mama."

"Basi sinzia. Ukishajifungua nitakulaza miezi mitatu. Utatoka humo ndani umenona mpaka mwanangu Eliufoo akuulize wewe ni nani."

Elisifa alicheka. Pale Kirua Vunjo kila mtu alijua jinsi mama mkwe huyu, Mama Magreth, anavyolea mzazi, yaani mwanamke aliyetoka kujifungua. Kwake, mzazi hafui. Hachoti maji. Havuki mlango. Analala karibu na moto na kula mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, mpaka maziwa yajae na mashavu yang'ae. Mama Magreth alikuwa amelea wazazi watano hivyo, na hakuna aliyetoka mwembamba.

Kila kitu kilikuwa tayari. Mbuzi alikuwa zizini. Mikungu mitatu ya ndizi mshare, zile za kupikia mtori, ilikuwa imewekewa alama. Jina pia lilikuwepo. Mtoto wa kwanza wa kike hubeba jina la mama wa baba. Akizaliwa msichana, angekuwa Magreth kama bibi yake.

Kabla mzigo wa majani haujatosha, Elisifa alihisi maji yakishuka miguuni. Hayakuwa ya mvua.

Mume wake, Eliufoo, alikuwa mlimani. Yeye ni mgumu, ndivyo wanavyoitwa wabeba mizigo ya watalii, na simu yake haikupatikana. Jirani yao Yakobo aliwasha pikapu. Saa sita mchana, katika hospitali moja mjini Moshi, Elisifa alijifungua mtoto wa kike mwenye uzito wa kilo moja na robo.

Alikuwa mtoto njiti, aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Walimfunika haraka, wakaondoka naye. Elisifa hakumshika. Aliona kisigino kimoja tu, chekundu kama buni iliyoiva.

"Mwanangu yuko wapi?" aliuliza.

"Amewekwa kwenye chupa," nesi alijibu.

Ndivyo watu wanavyokiita kile kisanduku cha plastiki angavu kinachompa mtoto njiti joto. Elisifa alikiona jioni yake, kwenye wodi ya watoto wachanga mahututi. Kulikuwa na chupa sita, taa kali, na mashine zinazolia ti, ti, ti. Mlangoni palibandikwa karatasi ya zamani, imegeuka rangi ya chai. Iliandikwa hivi:

KUGUSA WATOTO NI MARUFUKU. MAMA: DAKIKA KUMI, ASUBUHI, MCHANA NA JIONI. BABA NA NDUGU: DIRISHANI.

Elisifa aliisoma mara mbili. Kisha akaingia, akasimama mbele ya chupa ya mwanawe, mikono yake ameifunga nyuma ya mgongo. Mtoto alikuwa na mpira mwembamba puani. Vidole vyake vilikuwa vimetanuka. Alirusha mikono kama mtu anayeanguka na kutafuta pa kushika. Mdomo wake ulifunguka kulia, lakini sauti haikutoka.

"Kwa nini anafanya hivyo?" Elisifa aliuliza.

"Ndivyo walivyo," alijibiwa. "Dakika zimekwisha."

Zilipita siku nne hivyo. Elisifa alikamua maziwa kidogo kwenye kikombe, nesi akayachukua na kumpa mtoto kwa mpira. Siku ya tano daktari alimwambia kuwa afya yake ni nzuri na anaweza kwenda nyumbani. Hakuna aliyemwambia abaki. Alipouliza kuhusu maziwa, alijibiwa kwamba ya kopo yapo.

Mama Magreth alikuwa amefika kumchukua. Alikuwa na kanga mpya na chupa ya chai iliyojaa mtori.

"Twende, mwanangu. Mtoto ana chupa. Wewe una mimi."

"Nimwache peke yake, mama?"

"Hayuko peke yake. Yuko na wasomi na mashine. Wewe unamfanyia nini pale? Unasimama tu."

Ilikuwa kweli. Alikuwa anasimama tu. Elisifa akaondoka.

Alilazwa karibu na moto kama ilivyopangwa. Mbuzi alichinjwa. Majirani walikuja na maziwa na mayai, wakampa hongera. Kisha walitazama kitandani, huku na huku.

"Mtoto yuko wapi?"

"Yuko kwenye chupa," Mama Magreth aliwajibu.

"Ahaa, mtoto wa chupa."

Hakuna aliyesema Magreth. Elisifa alipolitaja jina hilo mara moja, mama mkwe wake aliinamia chungu na kukoroga kwa nguvu.

"Jina langu lisubiri kwanza," alisema. "Siwezi kuliweka kwenye chupa. Akitoka, tutaona."

Siku ya tatu ya kukaa nyumbani alikuja jirani mwingine, Gladness, na mtoto wake wa miezi minne mgongoni. Mtoto yule alilia kwa njaa. Hapo hapo maziwa ya Elisifa yalianza kutoka yenyewe. Yalilowesha blauzi, yakalowesha kanga, yakadondoka kwenye bakuli la mtori alilokuwa ameshika.

Elisifa alilitazama lile bakuli. Aliliweka chini, akashuka kitandani.

"Unakwenda wapi?" Mama Magreth aliuliza.

"Moshi."

"Mzazi havuki mlango."

"Mzazi wa nani, mama? Mimi nimezaa nini? Nimezaa mtori?"

Gladness alianza kutafuta kitambaa cha mtoto wake ambacho hakikuwa kimepotea. Elisifa alivaa viatu, akavuka mlango. Mama Magreth alibaki amesimama na mwiko mkononi. Kisha akajaza chupa ya chai, akaikaza kifuniko, akamfuata mkwewe huku akinung'unika. Kama mzazi amekosa adabu, bado lazima ale.

Walifika wodini mchana. Zamu ilikuwa imebadilika. Aliyekuwepo ni Nesi Mektrida, mwanamke mnene wa Tarakea aliyetoka likizo siku hiyo. Mama Magreth alibaki kwenye benchi la nje. Elisifa aliingia, akafunga mikono nyuma kama kawaida.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini?"

"Karatasi imekataza kugusa."

Nesi Mektrida alitazama mlangoni, akashusha pumzi.

"Umekaa hivyo siku ngapi?"

"Leo ya nane. Siku tatu za mwisho sikuwepo kabisa."

"Njoo kwenye bomba," nesi alisema. "Vua saa na pete. Nawa na sabuni mpaka kwenye viwiko. Unajipaka losheni yenye manukato?"

"Hapana."

"Vizuri. Anajua harufu yako. Usiifunike."

Elisifa alinawa mpaka ngozi ikauma. Mektrida alifungua kidirisha cha chupa polepole, akakishika kisigonge.

"Sasa sikiliza. Usimpapase. Ngozi yake ni changa mno, ukimpapasa unamchosha. Weka kiganja kimoja kichwani, kitulie. Kingine kusanya nacho miguu yake, ikunje kidogo, kama alivyokuwa tumboni. Halafu usifanye kitu. Tulia tu."

Elisifa aliingiza mikono. Kichwa cha mwanawe kilienea chote kwenye kiganja, na nafasi ikabaki. Mtoto alishtuka, akarusha mkono. Elisifa alitaka kuuondoa wake.

"Baki," nesi alinong'ona. "Anauliza ni nani. Mjibu."

Elisifa akaanza kumweleza habari za ng'ombe, kwa Kichagga, kwa sauti ndogo. Alimwambia kwamba ng'ombe amekataa majani ya jana. Kwamba mvua imenyesha. Kwamba baba yake yuko mlimani na hajui kuwa amekuwa baba.

Mikunjo kwenye paji la uso wa mtoto ililainika. Mikono ikashuka. Vidole vilivyotanuka siku zote nane vilijikunja kimoja kimoja, vikashika ncha ya kidole cha mama yake. Ile mashine iliyokuwa ikilia kila mara ikatulia.

"Hii ni dawa gani?" Elisifa aliuliza.

"Si dawa. Ni wewe. Akitanua vidole, akikunja uso, akigeuza kichwa, anakwambia nimechoka, au naumia. Akikunja vidole na kulala hivi, anakwambia nimetulia. Akitulia anapumua vizuri zaidi. Nguvu alizokuwa anatumia kuhangaika anazitumia kukua."

Machozi yalianza kumtoka Elisifa, lakini hayakuwa ya furaha. Yalikuwa ya hasira.

"Siku nane," alisema. "Siku nane anatafuta pa kushika, na mimi mikono ninayo. Niliifunga nyuma. Nani aliandika ile karatasi?"

"Palikuwa na ugonjwa wa kuhara wodini, miaka ya nyuma. Ugonjwa uliisha. Karatasi ikabaki."

"Nani aliiandika, sista?"

"Hakuna anayekumbuka."

"Na ninyi mnaojua?"

Nesi Mektrida hakukwepa macho yake. "Nimeisema kikaoni mara mbili. Nikaambiwa tutaangalia. Nikanyamaza. Hapo nilikosa, na sina cha kujitetea."

Wakati huo msimamizi wa wodi, Bwana Fabian, aliingia na jalada lake gumu. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye kalamu tatu mfukoni.

"Mama, dakika kumi zimepita. Na huo mkono unafanya nini humo?"

"Unamshika mwanangu," Elisifa alijibu.

"Haturuhusu. Ni utaratibu."

"Utaratibu wa nani? Naomba unionyeshe sahihi kwenye ile karatasi."

"Mama, hapa si sokoni."

Bwana Fabian aliliweka jalada lake juu ya chupa, pwa, kama alivyozoea kila siku. Alitaka kutoa kalamu. Ndani ya chupa mtoto aliruka mwili mzima. Vidole vilitanuka. Mashine ilianza kulia kwa nguvu.

Elisifa hakupaza sauti. Hilo ndilo lililofanya kila mtu asikie.

"Umemwona? Hiyo si meza. Hilo ni paa la nyumba yake. Umempigia jiwe juu ya bati akiwa amelala. Mimi nilikatazwa kumgusa nisimdhuru. Wewe nani amekukataza?"

Bwana Fabian alitazama jalada. Alitazama mtoto. Elisifa alikuwa amekwisha kurudisha kiganja kichwani, na ile mashine ilikuwa inapunguza kelele taratibu. Fabian alikuwa ameweka jalada juu ya chupa zile kwa miaka. Hakuwahi kutazama ndani baada ya kuliweka.

Aliliondoa kwa mikono miwili.

"Leo aendelee," alimwambia Mektrida. "Kesho tuzungumze."

"Kesho asubuhi," alisema Mektrida. "Mbele ya hii hii chupa."

Nje, kwenye benchi, Mama Magreth alikuwa amekumbatia chupa yake ya chai. Alikuwa ameona yote kupitia dirishani. Mektrida alitoka akakaa karibu naye.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe wangu amekuwa mkali. Nyumbani hakuwa hivyo."

"Ana haki. Mama, nikuulize kitu. Hiyo chupa ina nini?"

"Mtori. Nimeupika asubuhi."

"Umeupikia humo?"

Mama Magreth alimtazama kama mtu aliyepungukiwa. "Chupa inapika? Nimepika kwenye chungu. Chupa inatunza moto tu."

"Na ile ya mjukuu wako ni hivyo hivyo. Inatunza joto, na ni kazi kubwa. Mashine na dripu nazo zina kazi yake, hatuziachi. Lakini chupa haimshiki mtoto akishtuka. Haisemi naye. Haitoi maziwa. Hayo yanafanywa na mama. Na mama akikaa mbali na mtoto, hata umlishe mtori wa mbuzi watatu, maziwa yatakauka."

Mama Magreth aligeuza kifuniko cha chupa, akakigeuza tena.

"Kwa hiyo nimemtoa mpishi jikoni," alisema mwishowe.

"Ulidhani unamtunza."

"Nilidhani. Na ninyi mkamwambia aende. Na mkabandika karatasi. Mimi ni mzee wa shambani, nina udhuru. Ninyi mmesoma." Alisimama. "Mbona amesimama? Hakuna kiti humo?"

"Wodini hakuna viti, mama."

"Mzazi wangu wa siku nane anasimama?"

Kesho yake Mama Magreth alirudi na kiti cha mbao cha mezani kwake, amekifunga kwa kamba juu ya pikapu ya Yakobo. Alikifuta kwa sabuni mbele ya Bwana Fabian, akakiweka kando ya chupa, akamwambia: "Hiki ni cha wodi. Kikikosekana nitakuja kukitafuta mwenyewe."

Hakuna aliyebishana naye. Elisifa alipewa kitanda katika chumba cha akina mama, hatua chache kutoka wodini. Mtori ukaja kila siku ya pili. Uzazi haukuvunjwa, ulihamia mjini.

Siku hizo Elisifa alijifunza mambo mengi, na kila jambo jipya lilimtia uchungu kwamba lilikuwa dogo hivyo na alikuwa amenyimwa. Alijifunza kufunika kanga juu ya chupa ili taa isimuumize mtoto macho, na kuacha upande mmoja wazi ili manesi wamwone. Alilala na kitambaa kidogo safi kifuani, asubuhi nesi akakiweka karibu na mtoto ili apate harufu ya mama. Mtoto alipochomwa sindano, Elisifa alimkusanya mikono na miguu na kumdondoshea tone la maziwa mdomoni. Mtoto alilia kidogo, akaacha. Kabla ya hapo angelia mpaka achoke.

Siku ya kumi na moja Mektrida alimwambia avue blauzi na kukaa kitini. Alimtoa mtoto kwenye chupa pamoja na mipira yake yote, akamlaza kifuani kwa mama, tumbo kwa ngozi, kofia kichwani, akawafunga pamoja kwa kanga. Ubebaji huo wanauita kangaruu, jina la mnyama wa mbali anayebeba mtoto kwenye mfuko wa tumbo.

"Lini ni salama, sisi tutakwambia," Mektrida alisema. "Usimtoe mwenyewe. Lakini ukishawekewa, kaa. Saa moja, saa tatu, kadiri unavyoweza."

Elisifa alikaa saa nne. Shingo iliuma. Hakusogea.

Eliufoo alishuka mlimani siku ya kumi na mbili, baada ya kuunganisha safari mbili, uso umebabuka kwa jua na baridi. Mektrida alimsimamisha mlangoni.

"Baba, unanuka moshi na jasho. Nenda kaoge, urudi na shati la vifungo."

"Naruhusiwa kuingia? Nimeambiwa karatasi inasema dirishani."

"Karatasi gani?"

Eliufoo aligeuka. Kando ya mlango palikuwa na mraba mweupe tu, na mabaki ya gundi.

Aliporudi walimwekea mtoto kifuani. Alishika pumzi mpaka Elisifa akamwambia apumue.

"Nimebeba gesi na mahema mpaka kambi ya Barafu," alinong'ona. "Sijawahi kubeba kitu kizito hivi."

"Ni kilo moja na gramu mia tatu na hamsini," alisema Elisifa.

"Ndiyo nasema."

Mambo hayakunyooka siku zote. Wiki ya tatu mtoto aliacha kupumua kwa muda mfupi, mara mbili, na manesi wakakimbia. Elisifa alirudi kwenye kiti, akaweka tena mikono pale pale. Akina mama wengine walikuwa wakimtazama. Mmoja wao, Loveness wa Sanya Juu, alisogea karibu. Alikuwa na mapacha wenye siku sita.

"Dada, na mimi naruhusiwa?"

"Unaruhusiwa," Elisifa alisema. "Nenda kanawe. Vua pete kwanza."

Baada ya wiki saba mtoto alikuwa na kilo mbili. Alikuwa ananyonya mwenyewe. Siku ya kuruhusiwa, Bwana Fabian alikaa mezani na kadi ya mtoto. Palipopaswa kuwa na jina, paliandikwa "Mtoto wa Elisifa".

"Tumbadilishie?" aliuliza. "Ana jina?"

Elisifa aligeuka kwa mama mkwe wake.

Mama Magreth alikuwa kwenye kiti chake cha mbao. Vifungo vya blauzi vilikuwa wazi na mtoto alikuwa amefungwa kifuani mwake kwa kanga. Alikuwa ameomba ambebe mpaka pikapu ifike.

"Andika Magreth," alisema. "Na uandike vizuri, usilikate katikati kama mnavyokata dakika."

Bwana Fabian aliandika polepole. Kisha akafungua droo, akatoa karatasi iliyokunjwa mara mbili, ya rangi ya chai.

"Uliniuliza sahihi," alimwambia Elisifa. "Nimetafuta kwenye majalada yote. Haipo."

"Basi nipe hiyo karatasi," Elisifa alisema.

Walifika Kirua Vunjo mchana. Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua na moto ulikataa kushika. Elisifa alitoa ile karatasi mfukoni, akaisoma mara ya mwisho, akaisukuma chini ya chungu. Ikashika mara moja.

"Hiyo ilikuwa nini?" Mama Magreth aliuliza kutoka kitandani. Alikuwa amelala chali, Magreth mdogo kifuani.

"Karatasi tu, mama."

"Basi koroga huo mtori. Sisi tumelala."